Breki Ikikwaruza, Mwisho wa Mwezi ni Mbali

Kampala ni mji wa vilima. Wazee walivihesabu saba, lakini dereva anayetoka Kololo kwenda Mengo, kisha Makindye na Muyenga, hupotewa na hesabu mapema. Katika mji wa namna hii mtu aweza kuishi na gari lisilowaka vizuri. Atalisukuma asubuhi kwa msaada wa watoto wa jirani na maisha yataendelea. Hawezi kuishi na gari lisilosimama.

Ichukuliwe, kwa mfano, familia moja ya askari. Baba ni inspekta wa polisi katika kikosi cha usalama barabarani, naye amepelekwa kikazi Mbale kwa miezi kadhaa. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Watoto ni watatu. Nyumba waliyopanga iko upande wa juu wa Muyenga, na kila asubuhi Mama huwapakia watoto katika Toyota RAV4 kuukuu, iliyonunuliwa ikiwa imetumika Japani kama yalivyo magari mengi ya mji huu, akashuka nao mteremko wa Tank Hill mpaka Kabalagala, katikati ya bodaboda, wachuuzi na wanafunzi wanaokwenda kwa miguu.

Gari lilianza kwa mluzi mwembamba kila breki ilipokanyagwa polepole. Watoto waliupenda. Waliuita “ndege wa Mama”, na kila waliposhuka kilima walikuwa wakisema, “Ndege amelia tena!” Mama naye alicheka pamoja nao, akaongeza sauti ya redio. Baada ya majuma mawili ndege akanyamaza. Mahali pake ikaja sauti nyingine, nzito, kama jembe linalokokotwa juu ya saruji.

Jioni ile Mama alimpigia mumewe simu.

“Baba watoto, gari linasaga kila nikikanyaga breki.”

“Inashika au haishiki?”

“Inashika, lakini inasaga, na kanyagio linatetemeka.”

“Kama inashika, nenda nalo polepole, Mama watoto. Mwisho wa mwezi nitakuja, nitaiangalia mwenyewe.”

Siku hiyo ilikuwa tarehe 11.

Yafaa isemwe wazi kwamba Inspekta hakuwa mtu mzembe. Alikuwa mbali, amechoka, na mshahara haujatoka. Lakini kama dereva wa teksi angalimpa jibu hilo barabarani, asingalimruhusu kuendelea na safari hata hatua moja. Sheria ya Usafiri na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inakataza kuendesha gari lenye ubovu wa hatari, nayo haisemi kwamba gari la nyumbani kwa askari limesamehewa.

SAUTI ILITOKA WAPI?

Kwenye magurudumu ya mbele ya gari la namna hii kuna diski ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Diski hiyo imekumbatiwa na kibanio ambacho mafundi hukiita kalipa, na ndani ya kalipa mna pedi mbili, moja upande wa ndani na moja upande wa nje. Dereva akanyagapo breki, mafuta ya breki husukumwa katika mirija, mafuta hayo husukuma pistoni, na pistoni huzibana pedi juu ya diski kama mtu abanavyo sahani kwa viganja viwili. Mwendo wa gari hugeuka kuwa joto, na gari husimama.

Pedi ni bamba la chuma lililobandikwa tabaka gumu la kusugulia. Likiwa jipya, tabaka hilo aghalabu huwa na unene wa milimita 10 au zaidi kidogo. Likifika milimita 3, wakati wa kubadilisha umewadia. Likiisha kabisa, bamba tupu hukutana na diski, chuma kwa chuma. Na huo ndio mkwaruzo aliousikia Mama.

Je, yule “ndege” alikuwa nani? Watengenezaji wa pedi nyingi huweka pembeni ulimi mdogo wa chuma. Pedi inapokaribia kwisha, ulimi huo hugusa diski na kupiga mluzi, ili dereva ajue mapema. Kwa lugha ya askari, mluzi ni barua ya wito; mkwaruzo ni hati ya kukamatwa. Familia ile ilipewa majuma mawili ya wito, ikayatumia kucheka.

Katika mji wa vilima deni la namna hii hulipwa haraka. Gari linaloteremka kilima kwa kuzuiwa na breki peke yake huzipa breki joto jingi: kila linaposhuka mita 14 za kimo, kazi inayofanywa ni sawa na kulisimamisha mara moja kutoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Dereva anayeshuka kilima chenye kimo cha mita 70, mguu ukiwa juu ya kanyagio tangu juu hadi chini, amezifanyisha breki zake kazi ya kusimama ghafla mara tano, bila nafasi ya kupoa. Ndiyo maana pedi zinazodumu miaka mingi katika mji wa tambarare huweza kwisha mapema Muyenga.

SI KILA MKWARUZO NI UGONJWA MMOJA

Kesho yake jirani mmoja mwenye moyo mwema alimshauri Mama alioshe gari, akisema ni vumbi tu. Jirani wa pili alimletea kijana kutoka kando ya barabara. Kijana huyo, bila kufungua hata gurudumu moja, aliandika orodha: pedi nne za mbele, diski mbili, viatu vya breki vya nyuma, na beringi mbili. Mama aliitazama orodha, akamtazama kijana, akamshukuru na kumwaga.

Hapo alifanya jambo la busara. Siku ya tatu hakuligusa gari. Watoto walikwenda shule kwa miguu pamoja na dada wa nyumbani, naye akampigia simu fundi mmoja mzee wa Katwe, ambaye sifa zake zilikuwa zimevuma miongoni mwa walimu wenziwe. Badala ya kulipeleka gari bovu kwa fundi, kupitia Kabalagala na Nsambya, aliona heri fundi aje penye gari. Nauli ya bodaboda ni ndogo kuliko gharama ya ajali.

Mzee alifika na begi lake la spana. Hakuharakisha kulifungua.

“Nyabo, kabla sijashika chuma, nataka unijibu. Sauti husikika ukikanyaga breki tu, au hata gari likienda bure?”

“Nikikanyaga tu, Mzee.”

“Upande gani?”

“Nadhani mbele kushoto. Nikipita karibu na ukuta wa jirani, dirisha la kushoto likiwa wazi, huzidi.”

“Na unapofunga breki, gari hunyooka au huvuta?”

“Huvuta kulia kidogo.”

Mzee alitikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kuona mgonjwa wa namna hiyo. Maswali yake matatu yafaa yawekwe moyoni na kila mwenye gari, kwa sababu sauti zinazofanana huweza kuwa na asili mbalimbali.

Kwanza, upo mkwaruzo wa asubuhi. Gari lililolala nje wakati wa mvua za Machi hadi Mei, au za Septemba hadi Novemba, huamka na kutu nyepesi juu ya diski. Breki hukwaruza mara tatu au nne, kisha hunyamaza. Huu si ugonjwa. Lakini usiponyamaza baada ya kilomita moja, pana jambo jingine.

Pili, ipo kelele ya bati linaloparuzwa, isiyongoja breki ikanyagwe. Mara nyingi ni kijiwe kilichonaswa kati ya diski na ngao nyembamba inayoikinga vumbi. Wakazi wa barabara za changarawe huijua sana. Fundi mwaminifu hukitoa kijiwe na kuinyoosha ngao kwa dakika chache. Fundi asiye mwaminifu huuza pedi.

Tatu, upo mngurumo unaobadilika gari linapokata kona, ukipungua upande huu na kuzidi upande ule. Aghalabu hiyo ni beringi ya gurudumu, wala si breki, ingawa nayo haifai kungojwa.

Nne, dereva akifunga breki kwa nguvu juu ya matope au changarawe, aweza kusikia mtetemo wa haraka chini ya mguu pamoja na sauti ya kusaga. Katika magari yenye mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, huo ni mfumo unaofanya kazi yake. Asiogope, wala asiondoe mguu. Aendelee kukanyaga na kuushika usukani.

Tano ni ule wa Mama: kusaga kila breki inapokanyagwa, mvua au jua, barabara mbaya au njema. Huo ni wa chuma kwa chuma mpaka ithibitishwe vinginevyo, na gari lenye sauti hiyo halipasi kubeba watoto.

GURUDUMU LINAFUNGULIWA

Mzee alilisogeza gari mpaka penye saruji iliyo sawa, akavuta breki ya mkono, akaweka mawe mawili nyuma ya magurudumu ya nyuma. Alilegeza nati kidogo gurudumu likiwa bado chini, ndipo akapiga jeki. Kisha akaweka stendi ya chuma chini ya gari. Mtoto wa kwanza, aliyekwisha kurudi shule, aliuliza kwa nini jeki haitoshi.

“Jeki ni ya kuinulia,” Mzee akamjibu. “Si ya kutegemea. Ikiteleza, haitoi mluzi kwanza.”

Alifungua kikopo cha mafuta ya breki, akakuta mafuta yameshuka karibu na alama ya chini. Mama alitaka kuyaongeza mara moja, lakini Mzee akamzuia. Pedi zinapopungua unene, pistoni husogea mbele na mafuta hushuka katika kikopo. Pedi mpya zikiwekwa, pistoni hurudi na mafuta hupanda. Anayejaza kabla ya kutazama huishia kuyamwaga juu ya rangi ya gari, nayo huiharibu rangi. Tena huificha dalili iliyokuwa ikimsaidia.

Gurudumu lilipotoka, Mzee hakupuliza vumbi kwa mdomo. Alilifuta kwa kitambaa chenye maji. Pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Na kwa kuwa mtu hawezi kujua kwa macho kila pedi imetengenezwa kwa nini, kitambaa chenye maji ni kinga ya bei nafuu. Watoto waliambiwa wakae mbali.

Sasa ukweli ukaonekana. Pedi ya nje ya gurudumu la kushoto ilikuwa na milimita 5. Ya ndani haikuwa na kitu; bamba lake liling'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Diski ilikuwa na mifereji kama ya sahani ya santuri. Mzee alizishika pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake. Moja ilisogea. Nyingine haikusogea kamwe. Mpira wake ulikuwa umepasuka, matope na maji yakaingia, kutu ikaikamata.

Hicho ndicho kiini cha ugonjwa. Kalipa isiyoteleza haiwezi kugawa kazi sawasawa, basi pedi ya ndani ikabeba mzigo wa wenzake hadi ikafa. Na kwa kuwa breki ya kushoto ilikuwa dhaifu, gari likawa linavuta kulia, upande wa magari yanayokuja. Kama Mzee angaliweka pedi mpya bila kuigusa ile pini, mkwaruzo ungalirudi baada ya miezi michache, na Mama angalidhani ameuziwa pedi mbovu.

Upande wa kulia pedi zote mbili zilikuwa na milimita 4. Jirani, aliyekuwa amesimama akitazama, akasema basi na zinunuliwe za kushoto tu, za kulia zingali na uhai. Mzee alikataa. Breki hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja katika ekseli moja. Mguu mmoja wenye kiatu kipya na mwingine wenye kiatu kilichochakaa humfanya mtu achechemee. Gari nalo huchechemea wakati mbaya kuliko wote, yaani wakati wa kusimama ghafla.

Ikabaki habari ya diski. Juu ya diski nyingi imepigwa chapa ya unene wa chini unaoruhusiwa, ikitanguliwa na herufi MIN TH. Hii ilikuwa na 23. Mzee alipima kwa kifaa chake akapata milimita 22.4. Diski ambayo bado ina unene wa kutosha yaweza kukerezwa kwenye mashine ikawa laini tena. Iliyopita kiwango hicho haiponi. Ni nyembamba mno kuhimili joto, yaweza kupinda au kupasuka. Hapo Mama alielewa bei ya majuma mawili ya kucheka. Angaliuitikia mluzi, angalinunua pedi peke yake. Sasa atanunua pedi na diski mbili.

Alikuwa na fedha alizoweka akiba kwa ajili ya mapazia ya sebuleni. Mapazia yakangoja.

KUNUNUA SPEA KWA MACHO

Mama alikwenda mwenyewe Kisekka, soko la spea lililo karibu na Nakivubo, akiwa na pedi kuukuu ndani ya mfuko wa karatasi na namba ya fremu ya gari mkononi. Hilo la kubeba pedi ni muhimu, kwa maana magari ya jina moja na mwaka mmoja huweza kuwa na pedi za maumbo tofauti. Alizilinganisha bamba kwa bamba, tundu kwa tundu.

Mzee alikuwa amemwelekeza mambo ya kutazama. Tabaka la kusugulia liwe limeshikamana na bamba pande zote, bila ufa wala mwanya. Unene wa pedi zote nne uwe sawa. Maandishi yawe safi na yasomeke. Nyingi huwa na herufi mbili, mathalan FF au GG, ambapo ya kwanza huonyesha nguvu ya msuguano pedi ikiwa katika joto la kawaida na ya pili ikiwa katika joto kali. Maandishi, hata hivyo, yaweza kuigwa. Kwa hiyo heri kununua kwa muuzaji mwenye duka la kudumu, anayetoa risiti na kukubali kurudishiwa kitu kisichofaa. Pedi ya bei ya kutupa inayotolewa mfukoni mwa mtu aliyesimama njiani si nafuu hata kidogo.

Alinunua pia mipira mipya ya pini, grisi ya silikoni ya breki, na chupa ya mafuta ya breki iliyofungwa. Juu ya kifuniko cha kikopo cha gari paliandikwa DOT 3, naye akanunua kama ilivyoandikwa.

Mafuta hayo yana tabia ambayo wengi hawaijui: hunywa unyevu wa hewani. Mafuta mapya ya DOT 3 huanza kuchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanywa unyevu, kiwango kinachotakiwa hushuka mpaka nyuzi 140. Mafuta yakichemka ndani ya mirija hutoa mapovu, na mapovu hubanika. Dereva atakanyaga, na kanyagio litazama kama mguu katika matope. Kwa hiyo mafuta ya breki yafaa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, na chupa iliyofunguliwa muda mrefu isitumike. Kamwe yasichanganywe na mafuta ya injini. Haya huvimbisha mipira ya ndani na kuua mfumo mzima.

KAZI INAMALIZIKA

Mzee alifungua kalipa akaitundika kwa waya kwenye springi, ili isining'inie kwa mrija wake. Alizitoa pini, akazisugua mpaka kutu ikaisha, akazipaka ile grisi ya silikoni, akazivika mipira mipya. Grisi ya kawaida hakuitaka, kwa sababu huvimbisha mipira hiyo. Diski mpya alizifuta kwanza mafuta yanayozikinga na kutu ghalani. Pistoni alizirudisha polepole kwa klampu, jicho moja likiwa kwenye kikopo cha mafuta. Aliweka pedi, akakaza boliti, akafanya vivyo hivyo upande wa kulia. Mafuta ya zamani, yaliyokuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala, aliyatoa yote na kuondoa hewa katika mirija, gurudumu moja baada ya jingine. Nati za magurudumu alizikaza kwa kuruka, moja huku na moja ng'ambo yake, ili rimu ikae sawa.

Mama akaingia ndani ya gari, akashika ufunguo.

“Bado, Nyabo!” Mzee akapaza sauti. “Kanyaga breki kwanza, injini ikiwa imezimwa.”

Alikanyaga. Kanyagio likazama mpaka chini, bila kitu. Mama alishtuka, rangi ikambadilika. Akakanyaga tena, likawa zito kidogo. Mara ya tatu na ya nne likasimama imara.

Hatari hii imewapata watu wengi. Pistoni zikishasukumwa nyuma, breki haipo mpaka kanyagio likanyagwe mara kadhaa na pedi ziifikie diski. Anayewasha gari na kuondoka bila kufanya hivyo atagundua mbele ya lango lake, au mbele ya mtoto wake.

Baadaye Mzee na Mama walikwenda kwenye barabara tulivu. Mara kumi hivi walifikisha kilomita 50 kwa saa, wakapunguza kwa breki ya wastani mpaka kama kilomita 10 bila kusimama kabisa, wakiacha nafasi ya kupoa kati ya mara na mara. Kwa njia hiyo pedi mpya na diski mpya huzoeana. Kisha wakashuka kilima, gia ya kujiendesha ikiwa imewekwa kwenye L. Injini ndiyo iliyolizuia gari, na breki zikaguswa mara chache tu. Hapakuwa na ndege wala jembe.

Ni vema isemwe pia kwamba askari aliyejifunza ufundi wa magari aweza kuifanya kazi hii mwenyewe, mradi ana stendi na vipimo. Lakini awe mwangalifu na magurudumu ya nyuma. Magari mengi yana breki ndogo ya mkono ndani ya ngoma, mengine yana pistoni ya kuzungushwa badala ya kusukumwa, na magari ya karibuni yana breki ya mkono ya umeme inayohitaji kufunguliwa kwa utaratibu wake. Kuitumia nguvu hapo ni kuvunja.

MWISHO WA MWEZI

Inspekta alifika tarehe 30 jioni, kama alivyoahidi. Baada ya chakula Mama aliweka juu ya meza kitu kilichofungwa katika gazeti. Alikifungua, akaishika ile pedi isiyo na kitu, akaipitisha kidole juu ya chuma kilichong'aa.

“Hii ni ya gari la nani?”

“La kwetu, Baba watoto. Tarehe 11 ilikuwa hivyo. Ulikuwa umenipa siku 19.”

Inspekta hakujibu. Alikwenda nje, akainama kwenye gurudumu la kushoto, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliporudi ndani alimwomba mkewe ampe ile pedi. Alitaka kwenda nayo Mbale, awaonyeshe madereva wanaomwambia barabarani kwamba breki inasaga lakini inashika.

Familia nyingi za askari zina maisha ya namna hiyo: mmoja yu kambini au zamu ya mbali, mwingine yu nyumbani na watoto na funguo za gari. Hapana budi, basi, anayeendesha awe na mamlaka ya kuamua. Anayesikia sauti ndiye mwenye habari. Aliye mbali ana maoni tu. Ni vizuri wawili hao wapatane mapema, wakati wa amani, kwamba mambo matatu hayangoji ruhusa ya mtu wala mshahara: breki, usukani na matairi.

Kwa nyumba yenye gari, desturi ifuatayo itaokoa fedha na roho:

1. Kila mwezi, gari likiwa baridi na mahali palipo sawa, kikopo cha mafuta ya breki kitazamwe. Mafuta yakishuka, pedi zikaguliwe kwanza. Mirija na magurudumu yakaguliwe pia kama yanavuja.

2. Kila miezi mitatu, na kila tairi linapofunguliwa kwa pancha, unene wa pedi utazamwe, ya ndani na ya nje. Ya nje huonekana kwa urahisi, na ndiyo sababu ya ndani hufa bila kuonwa.

3. Baada ya safari, mkono usogezwe karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu moja likiwa na joto kali kuliko wenzake, breki yake imenata.

4. Mluzi ukisikika, fundi aitwe juma hilo hilo. Mkwaruzo ukisikika, gari liegeshwe siku hiyo hiyo.

5. Kwenye mteremko, gia ndogo iingizwe juu kabla ya kuanza kushuka, si katikati.

6. Fundi aulizwe sababu ya ugonjwa, si dawa peke yake, naye aonyeshe spea kuukuu alizozitoa.

Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Hata hivyo, yaliyokwisha kuingia yataendelea kuzeeka mikononi mwa wenyewe, na kuyatunza ni wajibu wa wenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye kilima cha Muyenga, asubuhi, watoto watatu wakiwa kiti cha nyuma, huenda usipate nafasi ya kujenga.